Kazi ya Leta, yaani ya serikali, kwa mwanasheria kijana: milango isiyo na toga

Jumapili moja baada ya ibada, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuja nyumbani kwangu akiwa na swali ambalo bila shaka alikuwa amelibeba kwa majuma mengi. Alikataa chai, akasogeza kiti, akauliza: «Yaya, nikimaliza, niingie mu baro ao nijaribu parke?» Yaya ni mimi, mkubwa wake; baro ni chama cha mawakili, na parke ni ofisi ya waendesha mashtaka, ambao kwetu nao wanaitwa mahakimu.

Nilitaka kumjibu papo hapo, lakini kila jibu nililolianza lilinirudisha kwenye swali lenyewe, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuupunguza ulimwengu wa mwanasheria hadi ukabaki na milango miwili tu: ule wa wakili anayeitwa «metre» hata sokoni, na ule wa hakimu ambaye jirani zake humsalimu kwa woga. Simlaumu. Barabara ya Kasapa ina chuo kikuu na ina gereza kuu, na anayeipita kila siku kwa miaka mitano ana haki ya kudhani kwamba sheria yote iko kati ya anayefunga na anayefungua. Mimi nina miaka 11 katika idara moja ya serikali hapa jimboni, sijawahi kuvaa toga, lile joho la mahakamani, na kila siku ya kazi nafanya sheria tangu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Nilimwahidi kwamba nitamwandikia, na kwa kuwa najua si yeye peke yake anayeuliza, naandika hapa.

Nianze na mlango anaoujua. Mahakimu wa nchi yetu wanatawaliwa na sheria ya kiorgani namba 06/020 ya tarehe 10 Oktoba 2006, ambayo inadai mgombea awe Mkongomani, awe na umri usiopungua miaka 21 na usiozidi 40, awe na haki zake zote za kiraia, mwenendo usio na doa, afya ya mwili na ya akili, na diploma ya sheria. Njia ya kawaida ni konkuru, yaani mtihani wa ushindani unaoandaliwa na Baraza Kuu la Mahakimu, na anayeteua ni Rais wa Jamhuri kwa pendekezo la Baraza hilo. Tatizo ni kwamba konkuru haiji kila mwaka kama mvua ya Novemba. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta watu wengi wa rika langu wakiwa wamekaribia mpaka wa miaka 40, wengine wakiwa wameupita kwa miezi michache tu baada ya kungoja tangu walipotoka shuleni. Kwa hiyo namwambia mdogo wangu jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeniambia mimi: weka faili lako tayari kabla tangazo halijatoka, lakini usiifanye konkuru kuwa mpango wako wa pekee wa maisha, kwa sababu tarehe yake haiko mikononi mwako.

Halafu, «hakimu» si kazi moja. Wapo majaji wanaoketi kusikiliza na kuamua, na wapo wa parke wanaochunguza na kushtaki, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko kiti. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilikuwa imeyataja maparke pamoja na mahakama katika kifungu cha 149 kinachosema nani ana mamlaka ya kuhukumu, lakini marekebisho ya tarehe 20 Januari 2011 yaliyaondoa maneno hayo. Leo jaji, kwa mujibu wa kifungu cha 150, yuko chini ya sheria tu katika kazi yake ya kuamua, na hawezi kuhamishwa ovyo. Mtu wa parke ana ngazi juu yake, na juu ya ngazi hiyo yuko Waziri wa Sheria, ambaye anaweza kuagiza kwamba jambo fulani lifuatiliwe. Wanafunzi wanalisoma jambo hili kama swali la mtihani. Mimi naliona kama swali la tabia ya mtu: je, wewe ni wa kuamua peke yako usiku ukiwa na faili mbele yako, au ni wa kufanya kazi ndani ya mnyororo wa amri na kujua mahali ambapo amri inapaswa kukataliwa? Wapo watu hodari sana katika kila upande ambao wangeharibika kama wangekaa upande wa pili.

Kuna ufundi mmoja wa parke ambao haufundishwi, nao ni Kiswahili. Kifungu cha 1 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kifaransa, kisha kinataja lugha nne za kitaifa, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Na kifungu cha 18 kinadai kwamba kila anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Hapa Lubumbashi maana yake ni kwamba anayehojiwa anasema Kiswahili, anayehoji anauliza kwa Kiswahili, na karatasi inayobaki, ile ambayo jaji ataisoma na ambayo itamfunga au kumwacha mtu, inaandikwa kwa Kifaransa. Nilipokuwa stajiere, yaani mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, nilikaa miezi mitatu pembeni ya meza moja ya parke nikinakili maelezo, na katika miezi hiyo mitatu nadhani nilisikia mara mia moja sentensi hii: «Alikula feza yangu.»

Sentensi hiyo ina angalau mambo matatu ndani yake. Ikiwa mlalamikaji alimkabidhi mwenzake mali kwa hiari yake ili amtunzie au amfanyie kazi fulani, na mwenzake akaigeuza kuwa yake, hiyo ni kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu. Ikiwa aliitoa kwa sababu alidanganywa kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila iliyopangwa, huo ni utapeli, kifungu cha 98. Na ikiwa alimkopesha tu, na aliyekopa hana cha kulipa, hakuna kosa la jinai hata kidogo, kuna deni, na deni ni la mahakama ya madai, si la parke, wala si la seli. Mlalamikaji hajui tofauti hizo na hana wajibu wa kuzijua. Anayezijua ni kijana mwenye kalamu, na akichoka, au akitaka kumaliza faili kabla ya chakula cha mchana, ataandika neno la Kifaransa lililo karibu zaidi na mkono wake, na mtu atalala ndani kwa deni. Niliwahi kuona jambo hilo likitokea, na sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa stajiere na nilidhani stajiere hasemi. Kwa hiyo mwanafunzi anayedharau Kiswahili chake akidhani kazi ya Leta ni Kifaransa kitupu, anadharau chombo ambacho parke inakitumia kila siku tangu mlango unapofunguliwa.

Sasa niingie kwenye milango ambayo hakuna anayeniuliza habari zake, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye kiu kubwa zaidi ya wanasheria.

Wa kwanza ni ardhi. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya taifa pekee, hauuzwi wala hauondoki mikononi mwa taifa; raia anapewa haki ya kuutumia tu, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotiwa sahihi na mhifadhi wa hati za ardhi, ambaye wote tunamwita «konservatere». Kifungu cha 227 kinakipa cheti hicho nguvu ya ajabu: miaka miwili ikipita, hakishambuliki tena, na anayedai kwamba alidhulumiwa anabaki na dai la fidia tu, si la kurudishiwa. Fikiria maana yake katika mji ambao kila familia ina hadithi ya lupango, yaani kiwanja, lililouzwa mara mbili, la mjane aliyefukuzwa na wakwe, la karatasi ya komini, yaani manispaa, iliyoandikwa kwa mkono na kuwekwa ndani ya Biblia kana kwamba Biblia itailinda. Afisa anayepokea faili la kuandikisha, anayekagua kama mwenye kuuza alikuwa na haki ya kuuza, kama mke alikubali, kama mipaka ya mpimaji inalingana na ya jirani, anazuia kesi nyingi kuliko wakili yeyote atakavyoshinda. Lakini hakuna anayempigia makofi, kwa sababu kesi isiyozaliwa haina jina.

Wa pili ni migodi, na hapa Haut-Katanga na kwa jirani zetu wa Lualaba sihitaji kueleza kwa nini. Kanuni ya Migodi ya tarehe 11 Julai 2002, ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mahali ambapo mgodi unafanya kazi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. «Mamlaka ya mahali» maana yake ni mji, komini, sekta au uchifu. Yaani chifu ambaye baba yake alikuwa akisuluhisha ugomvi wa mashamba ya mihogo, leo anaweza kupokea fedha ambazo mgodi unazilipa moja kwa moja, na pamoja nazo wajibu wa uhasibu, mikataba ya ujenzi, na maswali ya wakaguzi. Juu ya hayo kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kusaini na jamii hizo hati ya ahadi, inayojulikana kama «kaye de sharje», ambayo ndani yake kila shule, kila kisima na kila barabara inapaswa kuandikwa kwa namna inayoweza kudaiwa.

Mimi nimekaa katika mikutano ya namna hiyo. Upande mmoja wa meza kulikuwa na wanasheria wanne wa kampuni waliovaa vizuri, mmoja wao akiwa amesoma darasa moja nami. Upande wa pili kulikuwa na wazee wa kijiji wenye akili nyingi na bila mwanasheria hata mmoja. Wazee waliomba «barabara nzuri». Hati ikaandikwa «kuchangia uboreshaji wa barabara», na anayejua sheria anajua kwamba maneno hayo mawili ya mwanzo yameiua barabara kabla haijazaliwa, kwani mfuko mmoja wa sementi nao ni mchango. Kijana aliyemaliza sheria, akaajiriwa na sekta au uchifu kama mshauri, akajua tu kudai kilomita, tarehe na adhabu ya kuchelewa, angefanya katika mwaka mmoja kazi ambayo angetafuta bure kwa miaka kumi katika ofisi ya wakili akibeba mkoba wa bosi wake. Mshahara wa uchifu si mkubwa, na maisha ya Kasenga au Kambove si ya katikati ya Lubumbashi, hilo sitalificha.

Mlango wa tatu ni ule ambao hata walimu wengine huusahau, ingawa jina lake limo katika kichwa cha sheria ambayo kila wakili anaijua. Amri-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 haikupanga mawakili peke yao. Ilipanga mawakili, watetezi wa mahakamani, na kundi la wawakilishi wa taifa, yaani maafisa wa umma wenye kazi ya kusimama mahakamani kwa niaba ya Leta. Taifa linashtakiwa kila wakati: kwa ardhi iliyochukuliwa, kwa mkataba uliovunjwa, kwa mfanyakazi aliyefukuzwa bila utaratibu. Likikosa mtu wa kusimama, au akisimama mtu ambaye hakusoma faili, linalipa, na linalipa kwa fedha za mama anayeuza bitoyo, samaki wakavu, katika komini za Kenya na Katuba hapa mjini. Sheria hiyohiyo inakataza wakili kuwa mtumishi wa umma, isipokuwa mambo machache kama kufundisha, kwa hiyo mdogo wangu asidhani atashika baro kwa mkono mmoja na ofisi ya Leta kwa mkono mwingine.

Mingine naitaja kwa kupita. Vyombo vya sheria vya kijeshi vina mahakimu wao, na anayevaa nguo hiyo ajue amekuwa askari pia. Mahakama ya hesabu na Ukaguzi Mkuu wa Fedha vinahitaji watu wanaosoma bajeti na sheria kwa jicho moja. Ukaguzi wa kazi unamfaa mtu asiyeogopa kuingia kiwandani. Shule ya Taifa ya Utawala, iliyofufuliwa mwaka 2013, inachukua watu kwa konkuru na kuwaandaa kwa wizara, na ni Kinshasa. Makarani wa mahakama tunawadharau, kwa makosa makubwa, maana faili likipotea hakuna jaji anayeweza kuamua chochote. Na kuna kabine za mawaziri wa jimbo, yaani ofisi za washauri wao, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zina magari. Kabine si kazi ya kudumu, waziri akianguka na wewe unaanguka naye siku hiyohiyo, wala huwezi kumdai mtu yeyote.

Sasa sehemu chungu. Nilipoingia kazini nilikuwa na barua ya kupangiwa ofisi, nilikuwa na meza ambayo mguu wake mmoja ulishikiliwa na matofali mawili, na sikuwa na mshahara. Watu wa namna yangu wana jina la herufi mbili, NU, yaani wapya wasio na matrikule, namba ya mtumishi, bado. Wapo pia NP, wenye matrikule lakini wasiolipwa. Kati ya siku ya kuanza kazi na siku ya mekanizasio, ambayo ndiyo siku jina lako linapoingia kwenye orodha ya malipo Kinshasa, nilikaa miaka miwili na miezi minne. Nilikuwa nikifundisha uraia katika shule ya sekondari asubuhi mbili kwa juma ili nilipe nyumba. Mkubwa wangu wa wakati huo, ambaye sitataja ofisi yake, alinionyesha kwa ukarimu kabisa jinsi wenzangu wanavyoishi: kila anayeleta faili analeta pia «kitu cha karatasi», na mpya anapewa sehemu yake jioni. Alidhani ananisaidia. Kwa njia yake alikuwa ananisaidia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akifikiri kwamba nakula nini.

Nalisema hili kwa sababu waandishi wa matangazo ya kazi hawalisemi, na kwa sababu maadili tunayofundishwa Kasapa yanafundishwa kana kwamba mtu atajaribiwa siku moja kubwa na bahasha nene. Hakuna bahasha nene. Kuna noti ndogo ya kila siku, iliyokunjwa ndani ya faili, wakati una njaa. Anayetaka kazi ya Leta afanye hesabu kabla: nitaishi kwa nini miezi 24 ya kwanza, nani atanilaza, ni kazi gani halali inayoruhusiwa pamoja na hii. Tangu mwaka 2016 tuna sheria mpya ya watumishi wa kudumu wa umma, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai, ambayo inataka watu waingie kwa konkuru na si kwa barua ya mjomba, na mwenye kuingia kwa njia hiyo ana karatasi ya kudai haki yake. Mimi niliingia kwa barua, na nilijifunza kwamba aliyeingia kwa barua hawezi kupaza sauti.

Kuhusu karatasi zenyewe: hati ya uraia, cheti cha kuzaliwa, shahada ya mwenendo mwema, dondoo ya rekodi ya makosa, cheti cha afya, nakala za diploma zilizothibitishwa, pamoja na diploma ya taifa ya sekondari. Baadhi zinazeeka baada ya miezi michache, kwa hiyo usizichukue zote leo. Chukua leo zile zisizozeeka. Na angalia neno «lisansi». Kwa mfumo wa zamani lilikuwa na maana ya graduat ya miaka mitatu na miwili zaidi juu yake. Kwa mfumo mpya lisansi ndiyo ngazi ya kwanza, master inafuata. Tangazo likiandika neno hilo bila maelezo, uliza kwa maandishi ni lisansi ipi, utunze jibu.

Mdogo wangu alipokuwa akiondoka nilimpa nakala yangu ya zamani ya sheria ya ardhi, iliyochakaa pembe zote, nikampa na kazi: ampelekee mama mdogo kifungu cha 227, amweleze kwa Kiswahili bila neno hata moja la Kifaransa, kisha arudi kuniambia ilikuwaje. Alirudi Jumapili iliyofuata. Alisema alieleza vizuri, mama akasikiliza hadi mwisho akichambua lengalenga, kisha akauliza: «Kwa hiyo mwizi akipata ile karatasi, na mimi niko kijijini kwa matanga, miaka miwili inapita, lupango lwangu ni lwake?» Mdogo wangu alikuwa amekaa na swali hilo juma zima. Safari hii alikubali chai, akakifungua kitabu ukurasa uleule, tukaanza kusoma vifungu vya juu na vya chini yake, mstari kwa mstari.